Jina la Daudi juu ya Zaburi liliwekwaje?

Anayefungua Zaburi katika Biblia ya Kiswahili, awe kanisani Changamwe au nyumbani Likoni, hukutana na kichwa kidogo kabla ya mstari wa kwanza. Matini ya Kiebrania ina zaburi 150. Daudi anatajwa kwenye vichwa 73, Asafu kwenye 12, Sulemani kwenye viwili, Musa kwenye kimoja. Wana wa Kora nao wana fungu lao, na karibu theluthi nzima hazina jina la mtu. Wengi hukisoma kichwa hicho kama saini ya mtunzi. Mimi naona ni alama ya mkusanyaji, na ushahidi umo kitabuni mwenyewe. (Nazungumzia jinsi kitabu hiki cha nyimbo kilivyopangwa. Zaburi aliyoteremshiwa Nabii Daudi, kama Waislamu wanavyoamini, ni mlango mwingine wa elimu, nami sitaki kuichanganya na hii.)

Mwishoni mwa Zaburi ya 72 kuna tangazo kwamba maombi ya Daudi yamekoma. Baada ya hapo zinafuata zaburi nyingine 18 zenye jina lake! Mtunzi hajisahau namna hiyo. Lakini daftari likishafungwa, kisha akaja mtu wa baadaye akaliunga na madaftari mengine bila kufuta tangazo la zamani, hilo ndilo tungelitarajia kulikuta. Zaburi ya 14 nayo inarudi karibu nzima kama ya 53, ila pale ilipotumika BWANA sasa panasomeka Mungu, desturi inayotawala kuanzia ya 42 hadi ya 83. Zaburi ya 70 ni mkia wa ya 40, na ya 108 imeshonwa kwa vipande vya 57 na 60. Haya ni makusanyo zaidi ya moja, kila moja na kanuni zake, yaliyowekwa chini ya jalada moja.

Ukiyapima majina kwa maudhui, jambo linazidi kuwa wazi. Asafu anatajwa kama mwimbaji wa zama za Daudi, yapata mwaka 1000 K.K., ilhali Zaburi za 74 na 79, zilizo chini ya jina lake, zinaomboleza patakatifu palipochomwa na Yerusalemu iliyogeuzwa magofu. Msiba unaolingana zaidi na huo ni ule wa Wababeli wa mwaka 587 au 586 K.K. Kitabu cha Ezra kinahesabu waimbaji 128, wana wa Asafu, waliorudi kutoka uhamishoni. Asafu hapa ni ukoo wa waimbaji uliotunza nyimbo kwa vizazi. Kuna ushahidi mzito zaidi katika tafsiri ya kale ya Kiyunani. Zaburi ya 137, kilio cha mateka kando ya mito ya Babeli, haina jina kwa Kiebrania. Kwa Kiyunani imepewa Daudi. Ya 96 imewekewa kichwa kisemacho ni wimbo wa Daudi na, papo hapo, ni wa wakati nyumba ilipokuwa ikijengwa baada ya utumwa. Aliyeandika hivyo hakuwa akitoa ushahidi wa nani alishika kalamu.

Mombasa tuna kisa cha kulinganisha. Mshairi Muyaka bin Haji alifariki mwaka 1840. Mashairi yake yalikusanywa baadaye na W. E. Taylor, mmisionari wa Kianglikana, akisaidiwa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi. Diwani yenyewe ilichapishwa na William Hichens mwaka 1940, karne moja baada ya kifo cha mtunzi. Jina la Muyaka, basi, nalo limetufikia kupitia wakusanyaji, na bado tunaliamini kwa sehemu kubwa. Kwa nini? Kwa sababu mashairi yake ya vita yanaingiliana na mambo ya zama zake, Mazrui, watawala wa Mombasa, wakivutana na Sultani Seyyid Said hadi walipoangushwa mwaka 1837. Kipimo kinachomthibitisha Muyaka ndicho kinachomkatalia Daudi Zaburi ya 137. Hatuwezi kukitumia huku na kukikataa kule. Na kama tunataka kujua jina moja huvutaje nyimbo nyingi, tumtazame Fumo Liyongo, shujaa na mshairi wa masimulizi ya Waswahili: wataalamu waliohariri nyimbo zake wameridhika kusema tu kwamba zinanasibishwa naye.

Atakayepinga atasema Daudi alikuwa mpiga kinubi na mwimbaji. Sikatai. Maombolezo ya Sauli na Yonathani yamewekwa kinywani mwake katika Samweli wa Pili, na Zaburi ya 18 imo katika kitabu hicho hicho, sura ya 22, ikitofautiana kidogo tu. Huenda kiini cha zamani kipo. Kiini hakizai vichwa 73. Mwingine atasema nabii huona ya mbele. Lakini Zaburi ya 137 inakumbuka, haitabiri, na hoja ya utabiri ikikubaliwa hapa hakuna ushahidi wa tarehe utakaofaa popote. Pingamizi lenye uzito ni la Agano Jipya, linalomtaja Daudi kama msemaji. Hata hivyo Waebrania 4:7 inainukuu Zaburi ya 95 kwa jina la Daudi, ilhali kwa Kiebrania zaburi hiyo haina jina. Daudi alikwisha kuwa jina la kitabu kizima. Gombo lililopatikana mwaka 1956 katika pango la 11 la Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, linakwenda mbali zaidi: linamhesabia nyimbo 4,050, zikiwemo 364 za sadaka ya kila siku, moja kwa kila siku ya mwaka kwa hesabu ya gombo hilo.