Vitabu vya Upelelezi, na Faida ya Kuvisoma Pamoja

Wako watu wasemao ya kwamba kitabu cha upelelezi ni chakula cha wavivu, na ya kwamba mwalimu awapaye wanakijiji habari za mauaji na wizi awapotezea wakati. Neno hili si la kupuuzwa, kwa maana wasemao hivyo wamewaona vijana wakimeza vitabu vitatu katika juma moja, wasikumbuke hata kimoja. Lakini lawama imekiangukia kitabu, nayo ilistahili kuiangukia namna ya kusoma. Chakula kiliwacho kwa pupa hakimjengi mtu, hata kikiwa kizuri namna gani.

Katika Uingereza na Marekani maktaba nyingi za watu wote zina desturi ya kuwakusanya wasomaji mara moja kwa mwezi, wazungumze juu ya kitabu kimoja cha upelelezi ambacho wote wamekisoma. Desturi hii yafaa hata kwetu Miyuji, kwa kuwa mji wa Dodoma una maktaba ya mkoa, na kazi yenyewe si ngeni kwetu. Watoto wetu hutegeana vitendawili jioni: mmoja hutega, wengine hufikiri, na ashindwaye hutoa mji. Kitabu cha upelelezi ni kitendawili kirefu. Kukisoma pamoja ni kukirudisha barazani kilikotoka.

Basi, kundi lianze na kitabu gani? Mimi nachagua Mzimu wa Watu wa Kale, cha Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Hadithi hii ilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya mwaka 1957 na 1958, ikapigwa chapa mwaka 1960, nayo huhesabiwa kuwa ndiyo hadithi ndefu ya kwanza ya upelelezi katika Kiswahili. Ndani yake tajiri mmoja mwenye mashamba, Bwana Ali, aonekana amekufa penye mzimu, mahali palipoogopwa na watu. Wengi wanalo jibu tayari: wazee wa kale wamekasirika. Ndipo aingiapo Bwana Msa, mvuta kiko, pamoja na rafiki yake Najum. Yeye hawacheki wanaoogopa, wala hashindani nao juu ya mizimu. Auliza tu mambo ambayo hofu haiulizi: nani alimwona marehemu mara ya mwisho, saa ngapi, na kifo hiki kinamfaa nani?

Wasomaji wa Kiingereza watamtambua mara moja ndugu yake mkubwa, Sherlock Holmes, aliyetokea mara ya kwanza katika hadithi ya Arthur Conan Doyle iliyopigwa chapa mwaka 1887. Kiko ni kile kile, na rafiki mstaajabu ni yule yule. Lakini asije mtu akadhani ya kuwa Abdulla alinakili. Mpelelezi wa London hushindana zaidi na werevu wa wahalifu. Bwana Msa hushindana kwanza na uvumi wa majirani. Hiyo ni kazi nyingine, tena ni kazi ya kwetu.

Mwaka 1929 padre mmoja wa Uingereza, Ronald Knox, aliandika kanuni kumi za hadithi za namna hii. Moja katika hizo yakataza kabisa kwamba pepo au nguvu za uchawi ziwe ndilo jibu la fumbo. Padre huyo hakuwa mtu asiyeamini mambo ya rohoni. Alijua tu kwamba mtu akiruhusiwa kusema, "Ni pepo," hana haja tena ya kutazama nyayo wala kuuliza swali. Abdulla aliishika kanuni hiyo mahali ambapo kuishika ni kugumu, kwa maana aliupanda mzimu katikati ya hadithi yake, kisha akamtafuta mwenye hatia miongoni mwa walio hai.

Hapo ndipo ninapoona ya kuwa jambo hili si mchezo. Katika nchi yetu, hasa upande wa Usukuma, wameuawa akina mama wazee kwa sababu macho yao ni mekundu. Wauaji waliona dalili, nayo ilikuwa ya kweli: macho yalikuwa mekundu. Kosa lao lilikuwa katika kuisoma. Mwanamke aliyepika miaka hamsini juu ya moshi wa kuni na samadi, katika nyumba isiyo na dirisha, macho yake yatakuwaje? Kama mtu mmoja tu angaliuliza, "Je, wekundu huu waweza kutoka wapi tena?" huenda bibi angalikuwa hai. Swali hilo ndilo Bwana Msa aulizalo toka mwanzo hata mwisho. Wahenga walisema, lisemwalo lipo. Mpelelezi hujibu: huenda lipo, lakini nani amelisema, naye amelijuaje?

Hata hivyo sisemi ya kwamba kitabu hiki hakina dosari. Bwana Msa huweka mawazo yake moyoni mpaka kurasa za mwisho, kisha hutufungulia yote kwa mara moja, na msomaji huona kwamba hakupewa nafasi ya kushindana naye. Tena, Bwana Msa ni mwerevu kupita wote, hata polisi, na msomaji aweza kujifunza kumngoja mtu mwerevu aje, badala ya kufikiri mwenyewe. Dosari hii ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza, kwa maana kijiji hakina Bwana Msa.

Lakini dosari hizo hizo zapata dawa katika kusoma pamoja. Kundi na lisome mpaka nusu ya kitabu, kisha lifunge. Kila mtu na aandike katika karatasi jina la amdhaniaye, na chini yake aandike sababu, akionyesha ni wapi katika kitabu ameipata. Jina lisilo na sababu lisihesabiwe, hata likiwa sahihi, kwa kuwa aliyepatia kwa bahati hakujifunza neno. Naye aliyekwisha kukisoma kitabu azuie ulimi wake. Mwezi wa pili someni mpaka mwisho, karatasi zifunguliwe, na kila aliyemshuku mtu asiye na hatia aeleze ni dalili gani iliyompoteza. Naona saa hiyo yafaa kuliko kitabu kizima.

Baada ya hapo kundi laweza kuendelea na Kisima cha Giningi, cha mwandishi yule yule, kilichotoka mwaka 1968, au Simu ya Kifo cha Faraji Katalambulla, cha mwaka 1965. Vijana watakitaka Kufa na Kupona cha Elvis Musiba, cha mwaka 1974, kwa ajili ya mbio na bastola za Willy Gamba. Wapeni, kinafurahisha. Lakini katika mbio mtu hana nafasi ya kuuliza swali, na kwa mazungumzo ya kundi naona kitabu cha namna hiyo chafaa kidogo.

Basi, walimu na wazee, msiwakataze vijana vitabu hivi. Ketini nao, mvisome pamoja. Siku itakuja ambapo kijijini patatokea kifo kisichoeleweka, na watu wataanza kunong'ona jina la jirani. Siku hiyo itakuwa heri akiwapo barazani hata kijana mmoja aliyezoea kusema, "Jina tumelisikia. Sababu yake ni nini?"