Tarakimu, Neno na Kikosi: Uhakiki wa Picha ya Askari wa Zamani

Katika nyumba nyingi za Afrika ya Mashariki pana picha ya mzee aliyevaa nguo za askari, imetundikwa ukumbini au imewekwa sandukuni pamoja na hati za shamba. Wajukuu huitazama na kuuliza: alikuwa askari wa nani, na wa kikosi gani? Siku hizi jibu hutafutwa kwa macho tu. Mtu huchukua picha ya babu yake, huilinganisha na picha zilizochapwa vitabuni, na akiona kofia inafanana na kofia, hukata shauri. Nadhani njia hii ni dhaifu. Picha ya namna hii yataka kusomwa kama msomi asomavyo muswada wa kale, na maneno yaliyohifadhiwa na jamaa yahesabiwe kuwa ni sehemu ya muswada huo.

Tuanze na nguo na silaha, maana ndizo zinazotegemewa mno. Askari wa Kijerumani alivaa kofia yenye kifuniko cha kaki kilichoangukia shingoni, na mbele yake tai wa rangi ya fedha. Askari wa Keya naye alivaa kifuniko cha kaki juu ya kofia yake, na katika picha iliyofifia vifuniko hivi viwili ni vigumu kutenganishwa. Wengi wa Keya walikwenda miguu mitupu, hali wenzao wa upande wa pili walipewa viatu. Lakini kufikia mwaka 1917 viatu hivyo vilikuwa vimekwisha, na nguo za Wajerumani zilikuwa zikishonwa kwa vitambaa vilivyofumwa na kutiwa rangi humu humu nchini. Picha mashuhuri za Walther Dobbertin, ambazo hutumiwa sana kwa kulinganishia, aghalabu zaonyesha askari waliopangwa mbele ya kamera. Mwenye kuzifanya kipimo cha kila askari wa Kijerumani atawakataa wengi waliokuwa askari kweli.

Bunduki ndiyo shahidi mbaya kuliko wote. Vita vilipoanza mwaka 1914 kombania nyingi za Wajerumani zilikuwa bado na bunduki ya mwaka 1871, yenye kutoa moshi mwingi. Baada ya vita vya Tanga vya Novemba 1914 walizoa mamia ya bunduki za Kiingereza, na huko Ngomano, Novemba 1917, wakatwaa za Kireno. Kwa hiyo bunduki ya Kiingereza mkononi mwa askari haimfanyi kuwa wa Mwingereza. Isitoshe, wapiga picha wa mijini walikuwa na desturi ya kumpa mteja kitu cha kushika.

Nitachukua mfano mmoja, picha ya jamaa wa Tanga. Mzee amesimama, hana viatu, amevaa kofia yenye kifuniko, na mbele ya kofia pana alama kama tarakimu 3 iliyogeuzwa. Jamaa wamehifadhi mambo mawili kwa mdomo: kwamba mzee aliitwa Shaushi, na kwamba alikuwa "askari wa Bombo". Wajukuu wamegawanyika. Mmoja asema babu alikuwa wa Mdachi, kwa sababu Bombo ni mtaa wa Tanga wenye hospitali, na shaushi ni cheo cha jeshi la Kijerumani. Basi bila shaka alipigana kuutetea mji mwaka 1914. Wa pili asema picha imechapwa kinyume, alama ile ni 3, na babu alikuwa wa Batalioni ya Tatu ya Keya iliyoshambulia Tanga. Si ugomvi mdogo huu. Kwa mmoja babu ni mlinzi wa mji, kwa mwingine ni mvamizi wake.

Yafaa kwanza kujua kama picha imegeuzwa au la, maana kioo cha zamani kikiwekwa upande usio wake hutoa picha ya kinyume. Koti la mwanamume hufungwa upande wa kushoto ukiwa juu ya ule wa kulia. Katika picha hii vifungo viko mahali pake; kwa hiyo haikugeuzwa, na alama ile si 3. Ni ٤, yaani nne ya Kiarabu. Baadhi ya batalioni za Keya zilivaa namba zao kwa tarakimu za Kiarabu, mojawapo ikiwa Batalioni ya Nne, ya Uganda. Mjukuu msomi wa shule za leo hakuiona nne kwa sababu hakufundishwa kuandika hesabu kwa khati ile, hali babu yake, hata kama hakujua kusoma, aliijua namba ya kofia yake.

Mara tu tarakimu inaposomeka, neno nalo hupata maana mpya. Bombo ya Tanga ipo, lakini ipo pia Bombo ya Uganda, kaskazini ya Kampala, palipokuwa makao ya Batalioni ya Nne, na ambapo wazao wa askari wa Kisudani, Wanubi, wanakaa hata leo. Jamaa hawakuongopa. Walilihifadhi jina kwa uaminifu, kisha vizazi vilivyofuata vikalitia maana ya mahali vilipopajua. Wahakiki wa mashairi ya zamani wanaufahamu ugonjwa huu: mnakili akutanaye na jina geni huliandika kama jina alijualo.

Na shaushi je? Ni kweli kwamba jeshi la Wajerumani liliwaita askari wake wenye vyeo ombasha, shaushi na betshaushi, na juu yao sol na efendi. Lakini hakuna hata neno moja la Kijerumani humo. Ni vyeo vya Kituruki vilivyopita Misri, vikaja na Wasudani ambao Wissmann aliwaandika Kairo mwaka 1889. Lugard naye mwaka 1891 aliwachukua Wasudani wa Emin Pasha akawaingiza Uganda, na maneno yao yakaenda nao, kabla Keya haijaundwa mwaka 1902. Majeshi mawili yaliteka maji katika kisima kimoja. Shaushi, basi, latuambia mzee alifundishwa miongoni mwa watu gani. Halituambii bendera yake. Neno koplo au sajini lingekuwa na nguvu zaidi, kwa kuwa latoka katika Kiingereza moja kwa moja. Efendi lenyewe limeokoka pande zote mbili, nasi twalisema kila siku tunapomwita askari "afande".

Kwa hiyo naona mzee alikuwa wa Batalioni ya Nne, na wajukuu wote wawili wamekosa. Hata kama alama ingekuwa 3, hadithi ya mjukuu wa pili isingesimama, kwani jeshi lililotumwa kuutwaa mji wa Tanga mwaka 1914 lilitoka India.

Mtu aweza kuuliza: kwa nini lazima awe wa upande mmoja tu? Swali ni la haki. Mwaka 1917 Waingereza waliunda upya Batalioni ya Sita, na kwa sehemu kubwa waliijaza askari waliokuwa wa Wajerumani. Jamaa mmoja husema "Mdachi", mwingine "Keya", na wote wawili husema kweli. Mhakiki anayelazimisha jibu moja huipoteza nusu ya maisha ya mtu.

Yasimuliwa kwamba mwaka 1964, serikali ya Ujerumani ya Magharibi ilipokubali kuwalipa askari wake wa zamani waliosalia, wazee walikusanyika Mwanza na wachache tu walikuwa na hati. Waliosalia walipewa ufagio mmoja baada ya mwingine, wakaamrishwa kwa Kijerumani kuushika kama bunduki, wala hakuna aliyeshindwa. Hakuna aliyewaomba picha.

Nimebakiza neno moja, nalo ndilo linifanyalo nisiamini macho. Waingereza waliandika yapata wachukuzi milioni moja katika vita vile, na kwa hesabu ya serikali yenyewe waliokufa walikuwa zaidi ya 40,000. Jina la jeshi lao kwa Kiingereza tulilifanya Kariakoo, likabaki kuwa jina la mtaa Dar es Salaam, na Nairobi pia kwa matamshi mengine. Mchukuzi anaonekana miongoni mwa sanamu za shaba za Nairobi, lakini katika nyumba zetu haonekani. Nimekwisha kuziona picha za wazee waliovaa koti la kijeshi bila mkanda, bila namba, bila kofia ya kikosi, nazo huonyeshwa kuwa za askari wa Keya. Ukimwuliza bibi aliyezeeka alikokuwa mumewe wakati wa vita, husema, "Alikwenda Kariakoo." Wajukuu hudhani alikwenda sokoni.