Mdaiwa, Mdeni na Mali Isiyokamatwa

Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha sheria iliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Hatuna budi basi kuyapima maneno yatumikayo katika kudai na kulipa madeni, kwani neno likipotoka haki ya mtu hupotoka nalo.

Twaanza na mdaiwa. Mahakamani huyu ni yule aliyefunguliwa shauri, liwe la fedha au la kiwanja. Mitaani ni mtu ambaye hajalipa deni. Katika shauri la deni maana hizi hugongana: aliyekuja kulikana deni huitwa mdaiwa tangu siku ya kwanza, na msikilizaji asiye mwanasheria hudhani hukumu imekwisha kutolewa. Twapendekeza mdaiwa libaki kuwa neno la shauri tu, na yule ambaye deni lake limethibitika aitwe mdeni. Mkopaji halitoshi, mpangaji aliyelimbikiza kodi hakukopa kitu. Mwenye deni halifai kabisa, maana laweza kumhusu anayelidai na anayelipaswa pia. Kwa anayedai lipo neno la wazee, mwia. Jozi yake ya asili, mwiwa, inafanana nalo mno kwa sikio la karani anayeandika upesi. Kwa hiyo twaona afadhali mwia na mdeni.

Lipo kosa zito zaidi. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, iliyotungwa mwaka 1966, hutaja mali ambazo haziruhusiwi kukamatwa wala kuuzwa katika kukazia hukumu: mavazi ya lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko, zana za fundi. Mfasiri mwenye haraka huandika “mali zisizokamatika”. Lakini kauli hiyo hueleza lisilowezekana, si lililokatazwa. Sufuria hukamatika kwa mkono mmoja! Dalali wa mahakama akiambiwa kwamba haikamatiki atacheka. Akiambiwa hairuhusiwi kukamatwa, atajua kwamba sheria imemzuia. Maneno yamezidi, lakini mdeni amebakiwa na chombo cha kupikia.

Kufilisi nalo lisitumiwe kwa kila ukamataji. Aliyekamatiwa pikipiki hajafilisiwa. Ufilisi una sheria yake, ambayo chini yake wawia hugawana mali kwa utaratibu badala ya kila mmoja kumwandama mdeni peke yake. Na mdeni aliyezoea kulisikia neno hilo kama tishio hataomba kinga hiyo hata inapomfaa.