Nipe Mji

Mwezi uliopita nilikwenda Tumbi, Kibaha, kumjulia hali shangazi yangu aliyelazwa. Muda wa kuona wagonjwa ulipokwisha nikashuka kwa miguu kuelekea Barabara ya Morogoro, na kabla sijafika kituoni nikamwona fundi. Nilimtambua kwa mikono kabla ya kumtambua kwa sura. Alikuwa ameinamia pedi ya gemu aliyoifungua, anasugua raba za vitufe kwa pamba yenye spiriti, kitufe kimoja baada ya kingine, taratibu, kama mama anayemfuta mtoto macho. "Shikamoo kaka," nikasema. Akaitika marahaba bila kuinua kichwa. Kisha mkono ukasimama, akanitazama, akasema, "Wewe si yule wa viatu vya farasi?"

Ndiye mimi. Miaka 18 imepita na bado ndiye mimi.

Wakati huo fundi alikuwa na banda la gemu chini ya mkorosho, mabati juu na mabati pembeni, ndani joto la kuokea mkate. Kulikuwa na tivii tatu za chogo. Mbili zilikuwa za mpira, na huko ndiko kulikokuwa na kelele: aliyefungwa anainuka, mshindi anabaki, benchi zima linashangilia kama liko uwanjani. Ya tatu aliiweka kona ya ndani kabisa, pasipopigwa na jua la mlangoni. Hiyo ilikuwa ya San Andreas, na ililipiwa kwa muda, si kwa mechi. Waliokaa kona ile hawakuwa wapiga kelele. Walikuwa watafutaji.

Waliowahi kuicheza hawahitaji kuelezwa. Gemu ile iliyotoka mwaka 2004 ilikuwa na miji mitatu na mashamba na jangwa na mlima, na watunzi wake walikuwa wamefukia vitu kila mahali: michoro 100 ya makundi kwenye kuta za Los Santos, picha 50 za kupigwa San Fierro, chaza 50 majini, na viatu vya farasi 50 Las Venturas. Vingine havikuhesabiwa na mtu. Juu kabisa ya nguzo ya daraja kubwa la San Fierro, mahali pasipo na ngazi wala sababu ya kufika, waliweka kibao kinachosema kwamba huku juu hakuna kitu kilichofichwa, ondoka zako. Jioni tuliyofika pale tulikuwa watoto saba mbele ya tivii moja, na mmoja wetu aliyejua Kiingereza kidogo akatusomea. Sijasahau ukimya uliofuata, wala kicheko kilichofuata ukimya. Mtu fulani, mbali sana na Kibaha, alikuwa amekisia kwamba siku moja tutapanda hadi pale, akatuachia neno.

Fundi alikuwa na daftari, kauntabuku nene yenye jalada jeusi. Kurasa za mbele zilikuwa za kodi, yaani ule mfuatano wa vitufe unaokupa silaha, fedha au mkoba wa kuruka nao angani. Kodi alimpa kila aliyetaka. Uje na kalamu yako, unakili, uende. Kurasa za nyuma hazikuguswa na mtu. Humo alikuwa amechora kwa mkono ramani za ile miji, mtaa kwa mtaa, na kuweka nukta ya wino mwekundu kila palipopatikana kitu. Ukimwomba akuonyeshe, jibu lake lilikuwa moja: "Nipe mji."

Hilo nalo halihitaji kuelezwa kwa mtu aliyelelewa na bibi. Kitendawili? Tega. Ukitegewa na ukashindwa, jibu hupewi hivihivi. Unatoa mji kwanza, na mtegaji anaupokea, anauzuru, anakula anachokula huko, ndipo anapofumbua. Mji ni malipo ya kushindwa, na pia ni heshima kwa aliyelitunga fumbo. Fundi aliichukua desturi hiyo ya jioni za vijijini akaiweka mbele ya PlayStation, na hakuifanyia mzaha. Nilipompa Kisarawe alisema Kisarawe alishapewa juzi na mtoto wa Kwa Mathias. Nikampa Bagamoyo. Akaipokea, akakaa nayo kidogo, kisha akanipa si jibu bali nusu ya jibu: "Wote mnatazama barabarani. Mapaa mmeyaachia nani?" Wiki ile nilipata viatu vinne, vyote juu ya mapaa.

Wazungu wanaviita vitu hivi mayai ya Pasaka, kwa sababu kwao kuna desturi ya kuwafichia watoto mayai nyasini siku ya sikukuu. Sisi Pasaka yetu ni pilau na nguo mpya, hatufichiani kitu. Naona kitendawili ndilo jina lake la haki kwa Kiswahili, kwa kuwa yai haliulizi swali, na vitu hivi vinauliza.

Anayetajwa zaidi kati ya waanzilishi wa sanaa hii ni Warren Robinett. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alitunga gemu iitwayo Adventure kwa ajili ya mashine ya Atari 2600, peke yake, kuanzia wazo hadi mstari wa mwisho wa programu. Gemu nzima iliingia katika kilobaiti 4. Picha moja unayotumiwa leo kwenye WhatsApp ni kubwa kuliko hiyo mara nyingi. Atari haikuwa ikitaja jina la mtunzi popote, si kwenye boksi, si kwenye kioo. Watunzi wanne waliochoshwa na hali hiyo walitoka mwaka 1979 wakaanzisha Activision. Robinett naye aliondoka, lakini alikuwa ameshafanya jambo moja bila kumwambia mtu. Ndani ya ngome nyeusi, katikati ya vichochoro vya giza, aliweka nukta moja ya kijivu, rangi ileile ya mahali ilipo. Huioni. Unaigusa kwa bahati, au kwa ukaidi. Ukiibeba hadi chumba fulani karibu na ngome ya manjano, na ukakusanya humo vitu vingine pia, ukuta unaanza kumetameta na kukuruhusu upite. Nyuma yake hakuna hazina wala joka. Kuna jina lake tu, na maneno kwamba yeye ndiye aliyeiunda.

Kijana wa miaka 15 wa Salt Lake City ndiye aliyeandika barua mwaka 1980 kuieleza kampuni kile alichokiona. Namfikiria sana kijana yule, jioni aliyouona ukuta ukimetameta na hakuna aliyekuwa amemdokeza.

Washairi wetu wangemwelewa Robinett mara moja. Katika pwani hii mtunzi ameandika jina lake ndani ya kazi kwa karne nyingi, kwenye beti za mwisho, pale anapoomba dua na kujitambulisha, ili shairi lisije likaitwa la mtu mwingine. Na Muyaka wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, aliwategea wenzake mafumbo ya mashairi na wakalazimika kumjibu kwa mashairi. Sidhani kuna aliyekwenda kumwomba jibu mlangoni kwake asubuhi yake. Fumbo liliheshimiwa kwa kuachwa likae.

Kuna lililokaa miaka 40. Mwaka 1977 Ron Milner alitengeneza gemu ya Starship 1, zile mashine za kutumbukiza sarafu, akaficha ndani yake mfuatano wa vishikio na vitufe ambao ukifuatwa sawasawa mashine inamsalimu Ron kwa jina na kutoa mechi 10 za bure. Mashine ziliwekwa, zikachezwa, zikachakaa, zikatupwa. Siri ilikuja kuthibitishwa mwaka 2017, baada ya Milner mwenyewe kukumbuka kwamba aliiacha mle. Fundi nilipomsimulia hili aliweka pamba chini. "Miaka 40 anajua," akasema, "na hasemi." Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayetaja ibada.

Zipo siri nyingine ambazo ni huruma tupu. Wazee wa Tumbi wanakumbuka kwamba Shirika la Elimu Kibaha lilianza mwaka 1963 kwa ushirikiano na nchi za Nordiki, Finland ikiwemo. Kutoka Finland hiyohiyo ndiko Taneli Armanto alikotutungia yule nyoka wa kwenye simu za Nokia, mwaka 1997, na katika mji huu wamemlisha nyoka yule watu wasiojua kabisa kwamba wanacheza gemu: makonda, wauza maji, mama zetu wakisubiri zamu hospitalini. Armanto alimwekea mchezaji upenyo mdogo sana, sehemu ndogo ya sekunde, kati ya nyoka kugonga ukuta na nyoka kufa, ili kidole kilichochelewa kipate nafasi ya kugeuza. Kila mara tuliposema "nimepona kwa bahati", haikuwa bahati. Kuna mtu alikuwa ametuhurumia kimyakimya.

Naye Kazuhisa Hashimoto, aliyefariki mwaka 2020, aliweka mfuatano wa vitufe kwenye Gradius mwaka 1986 kwa sababu gemu ilikuwa inamshinda mwenyewe alipokuwa akiijaribu. Mfuatano huo baadaye uliwapa wachezaji wa Contra maisha 30 badala ya 3. Vidole vyangu bado vinaukumbuka: juu mara mbili, chini mara mbili, kushoto kulia, kushoto kulia. Leo maisha hayo 30 yanauzwa. Unabonyeza, unaweka namba ya siri ya simu, pesa inakatwa. Mtoto wa sasa anajua namba ya siri ya aina hiyo tu.

Nilipokuwa nimeketi na fundi, mwenye pedi alikuwa pale, kijana wa sekondari, anasubiri. Alikuwa na simu mkononi, anatazama video ya gemu aliyokuwa ameinunua siku ileile. Video ilikuwa inamwonyesha kila kilichofichwa, kimoja baada ya kingine, kwa mshale mwekundu na muziki. Hakuwa amecheza hata dakika moja. Nilimuuliza kwa nini asitafute mwenyewe. Akanijibu kwa adabu, "Nitapoteza muda, kaka."

Fundi hakumkemea. Alisema kwa sauti ya chini, "Huyu hajatoa hata kijiji."

Simlaumu kijana. Gemu ikitoka asubuhi, jioni yake majibu yote yako hadharani. Wapo hata wanaoipasua programu yenyewe na kuchungulia mafaili yake kabla mtu hajaicheza, sawa na kuvunja ukuta wa nyumba ili ujue kabatini kuna nini. Nao watunzi wanajua kwamba siri yao haitaishi wiki, kwa hiyo wanaficha kwa haraka, wanaficha ili ionekane, wanaficha tangazo. Sisi tulikosea mengi pale kona. Tulitafuta kwa miezi yule zimwi wa msituni aliyevumishwa kuwa yuko Mlima Chiliad, na waliotengeneza gemu walishasema hayumo. Lakini kutafuta kule hakukupotea: walipotoa gemu yao ya 2013 walimweka mtu mwenye ngozi ya zimwi, na hukutani naye mpaka umalize mengine yote. Waliotafuta bure waliwafikia watunzi. Atakayewafikia kwa kutazama mshale mwekundu simjui.

Banda sasa ni duka la kutuma na kupokea pesa. Mkorosho umekatwa. Fundi anatengeneza simu zaidi, pedi zinakuja moja moja. Lakini daftari lipo, na alilitoa kutoka chini ya meza bila mimi kuomba. Akafungua kurasa za nyuma, akanigeuzia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuziona.

Las Venturas yote ilikuwa pale kwa kalamu ya buluu, na nukta nyekundu. Niliipata ile ya kwangu, pembeni ameandika herufi ya kwanza ya jina langu. Usiku nilioipata, kioo kiliandika 49 kati ya 50, banda zima likaacha mpira likaja kona. Tulipokuwa tunahifadhi, umeme ukakatika, na memori kadi haikusoma tena. Nilirudi shuleni wiki iliyofuata, na niliporudi likizo banda lilikuwa limefungwa.

Nilizihesabu mara mbili nukta zile. Ni 49.

"Kile cha mwisho," nikamuuliza, "uliwahi kukipata?"

Akafunga daftari. "Nipe mji."

Nikampa Dar es Salaam nzima. Akasema hiyo nayo alishapewa.

Najua kwamba naweza kukiona sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma sentensi hii, kwa bando la shilingi mia tano. Sijafanya hivyo na sitafanya. Na wewe msomaji unayejua kilipo, nakuomba usiniandikie. Tukikutana, nitegee.