Nani Mwenye Matini? Matoleo ya Nyumbani ya Filamu ya The French Connection

Utangulizi

Uhakiki wa filamu kongwe zinazotolewa upya kwa utazamaji wa nyumbani umeachiwa magazeti kwa muda mrefu. Aghalabu mwandishi wa gazeti huuliza maswali mawili: je, picha imekuwa safi kuliko ilivyokuwa? Je, sauti inasikika vyema? Maswali haya ni halali ila hayatoshi. Filamu ya zamani inapotolewa upya, kinachomfikia mtazamaji ni toleo la matini, kama vile utenzi wa kale unavyomfikia msomaji ukiwa umepitia mikononi mwa wanakili na wahariri. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba toleo la namna hiyo linapaswa kuhukumiwa kwa misingi ile ile inayotumika katika uhariri wa matini za fasihi. Mfano unaotumika ni The French Connection (1971), filamu ya vitendo iliyoelekezwa na William Friedkin, ambayo historia yake katika diski na katika huduma za utazamaji wa nyumbani inaliibua suala hili kwa uwazi mkubwa.

Filamu na Mtindo Wake

Filamu hii inatokana na kitabu cha Robin Moore cha mwaka 1969, kinachosimulia upelelezi wa kweli wa magendo ya heroini mjini New York mwanzoni mwa miaka ya sitini. Wapelelezi Eddie Egan na Sonny Grosso ndio waliokuwa kielelezo cha wahusika Popeye Doyle na Buddy Russo, wanaoigizwa na Gene Hackman na Roy Scheider. Ilitunukiwa tuzo 5 za Oscar, zikiwemo za filamu bora, mwelekezi bora na mwigizaji bora wa kiume.

Hata hivyo, umuhimu wake kwa mhakiki umo katika fani. Friedkin alikuwa amewahi kutengeneza filamu za hali halisi, na tajriba hiyo inajitokeza wazi. Mpigapicha Owen Roizman aliirekodi New York ya majira ya baridi kwa mwanga hafifu wa mitaani na wa mabaa, mara nyingi kamera ikiwa imeshikwa mkononi. Matokeo yake ni picha yenye chembechembe nyingi, rangi zilizopoa na vivuli vizito. Katika onyesho mashuhuri ambapo Doyle analifukuza kwa gari treni linalopita kwenye reli ya juu huko Brooklyn, hakuna muziki hata kidogo. Kinachosikika ni honi, breki na mngurumo wa treni. Ukavu huu wa picha na sauti ndio unaomfanya mtazamaji aamini kwamba anashuhudia tukio, wala hatazami igizo. Kwa mintarafu hii, rangi katika filamu hii haiwezi kuchukuliwa kuwa pambo. Ni sehemu ya maana, kama vile vina na mizani vilivyo sehemu ya maana ya shairi.

Toleo la 2009

Toleo la Blu-ray la mwaka 2009 liligusa msingi huo. Friedkin aliitengeneza upya rangi ya filamu nzima. Kama alivyoeleza katika nyongeza iliyomo ndani ya diski, picha iligeuzwa kwanza kuwa nyeusi na nyeupe, kisha juu yake ikawekwa tabaka la rangi iliyokolezwa na kufifishwa makali. Nyuso za wahusika zikapauka, rangi nyekundu na za buluu zikaonekana kama zimechuruzika nje ya mipaka ya vitu, na mitaa ya Brooklyn ikapata sura ya mchoro. Roizman alijitokeza hadharani na kuyapinga mabadiliko hayo kwa maneno makali, akasema kwamba hakushauriwa na kwamba hataki kuhusishwa na kazi hiyo.

Utetezi wa Friedkin ni rahisi kuuelewa. Yeye ndiye mwelekezi. Ikiwa hakuridhika na sura ya filamu yake, nani mwenye haki ya kumzuia? Dai hili linajengwa juu ya imani kwamba matini ni mali ya nia ya mtunzi. Wahakiki wa fasihi wameijadili imani hiyo tangu Wimsatt na Beardsley walipoandika mwaka 1946 kuhusu kosa la kuihukumu kazi kwa kigezo cha nia ya mtunzi. Si lazima mtu akubaliane na kila hoja yao, wala na Roland Barthes aliyetangaza kifo cha mtunzi, ndipo aone udhaifu wa dai la mwelekezi. Kwanza, filamu ni kazi ya pamoja. Sura ya picha ya 1971 ilikuwa pia utunzi wa Roizman, ambaye kazi yake hiyo iliteuliwa kuwania Oscar. Pili, mtu aliyeibadilisha filamu mwaka 2009 alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 70 na alikuwa akiitazama kazi ya kijana wa miaka 35. Kwa kiasi fulani, alikuwa tayari msomaji wake, tena msomaji mwenye mamlaka ambayo wasomaji wengine hawana.

Hata hivyo, si haki kusema kwamba mtunzi hana ruhusa ya kurejelea kazi yake. Watunzi wa riwaya na mashairi hufanya hivyo, na wakati mwingine kazi hunufaika. Kasoro ya toleo la 2009 ni kwamba sura mpya ilitolewa peke yake, ikakalia nafasi ya ile ya awali katika diski iliyokusudiwa kuwa bora kuliko zote. Mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili anaweza kuliweka toleo la Al-Inkishafi lililohaririwa na William Hichens (1939) kando ya lile la James de Vere Allen (1977), akalinganisha, kisha akaamua mwenyewe, kwa kuwa la pili halikulifuta la kwanza. Mnunuzi wa diski ya 2009 hakupewa nafasi hiyo.

Toleo la 2012

Mwaka 2012 filamu ilitolewa tena katika Blu-ray, safari hii Friedkin na Roizman wakiwa wameshirikiana katika kuirekebisha rangi. Baridi ilirejea mitaani, ngozi zikapata uhai, na chembechembe za picha zikaachwa zionekane bila kusuguliwa. Toleo hili linastahili sifa, ingawa si kwa sababu linapendeza macho zaidi. Huenda wapo watazamaji wanaouonea fahari mchoro wa 2009. Linastahili sifa kwa sababu lina idhini ya watunzi wawili badala ya mmoja, na kwa sababu linaikaribia sura iliyoifanya hadhira ya 1971 iguswe kama ilivyoguswa.

Mkato wa 2023

Mwaka 2023 suala hili lilichukua sura nyingine. Nakala iliyokuwa ikioneshwa katika baadhi ya huduma za utazamaji wa nyumbani nchini Marekani ilikuwa imekatwa sekunde chache karibu na mwanzo wa filamu. Katika sehemu hiyo, baada ya Russo kujeruhiwa kwa kisu, Doyle anatumia tusi la kibaguzi dhidi ya watu Weusi, na mwenzake anamjibu. Watazamaji hawakuarifiwa, waligundua wenyewe, kwa kuwa onyesho linaruka ghafla mahali ambapo mazungumzo yalikuwepo.

Nia ya kumkinga mtazamaji na tusi hilo inaweza kueleweka, na mtu aliyewahi kutupiwa tusi la namna hiyo halazimiki kulivumilia eti kwa ajili ya sanaa. Lakini hapana budi kuuliza mkato huo unafanya nini katika matini. Usawiri wa Doyle umejengwa ili mtazamaji asiwe na raha naye. Ni mpelelezi hodari, na ni mbaguzi anayevamia baa ya watu Weusi kwa kejeli na mabavu. Mwishoni anampiga risasi afisa wa serikali kwa makosa, wala hashtuki. Anaendelea kumsaka Charnier, ambaye hapatikani. Tusi la mwanzoni ndilo linalomtayarisha mtazamaji kuuelewa mwisho huo. Likiondolewa, anayesafishwa ni Doyle. Mkato unaodaiwa kumhurumia mwathiriwa wa ubaguzi unaishia kumhurumia mbaguzi.

Zaidi ya hayo, mabadiliko ya 2009 yalitangazwa, na kwa hiyo yaliweza kujadiliwa, kupingwa na hatimaye kurekebishwa. Mkato wa 2023 ulifanywa kimyakimya. Mtazamaji anayekutana na filamu hii kwa mara ya kwanza katika nakala hiyo hana njia ya kujua kwamba kuna kitu alichonyimwa. Friedkin alifariki Agosti 2023, na Roizman alikuwa ametangulia Januari mwaka huo huo. Kwa hiyo suluhu ya 2012, ya watunzi wawili kuketi pamoja na kuirejelea kazi yao, haiwezekani tena.

Hitimisho

Kutokana na mjadala huu, vigezo vitatu vya kulihukumu toleo la nyumbani la filamu kongwe vinajitokeza. Toleo litangaze kila badiliko lililofanywa. Litaje aliyeliidhinisha badiliko hilo. Liiache sura ya awali ipatikane, ama ndani ya toleo hilo hilo ama kando yake. Kwa vigezo hivi, toleo la 2009 linatimiza viwili vya kwanza na kushindwa katika cha tatu. Lile la 2012 ndilo linalofaa kutumiwa na msomi, japo haliambatani na sura ya 2009 kwa ajili ya ulinganishi. Na nakala iliyokatwa haitimizi hata kimoja.

Kwa wanafunzi wa fasihi wanaoanza kuzihakiki filamu, lipo funzo la kiutendaji. Tasnifu inayotaja The French Connection bila kutaja toleo lililotazamwa ina upungufu sawa na wa tasnifu inayotaja utenzi bila kumtaja mhariri. Na kwa kuwa huduma za utazamaji zinaweza kuibadilisha nakala usiku mmoja pasipo kuacha alama yoyote, maktaba za vyuo zisiharakishe kuzitupa diski zao.