Kuruti Simu Hakuleti Kasi: Mtandao wa Mtunda Unakwama Wapi?

Kuanzia Kariakoo hadi vibanda vya mafundi simu Kibiti mjini, ushauri ni ule ule: simu ikiwa nzito mtandaoni, iruti, au mpe fundi aiflashi, yaani aiandikie mfumo upya, itakimbia. Kwa mkazi wa Mtunda, kata ya wilaya ya Kibiti iliyo jirani na delta ya Rufiji, ushauri huo una mvuto wake. Kuna siku bando limejaa, alama ya 4G inaonekana, na bado picha moja ya WhatsApp inazunguka tu bila kufunguka. Ni rahisi kuamini kwamba kuna kufuli mahali fulani ndani ya simu, na kwamba likivunjwa kasi itamwagika. Kufuli kweli lipo, ila kasi haikufungiwa nyuma yake.

Tuanze na maana ya kuruti. Android imejengwa juu ya Linux, na katika Linux yupo mtumiaji mkuu anayeruhusiwa kugusa kila faili. Mtengenezaji wa simu hamkabidhi mnunuzi cheo hicho. Kukipata, kwanza hufunguliwa butiloda, ile programu ndogo inayowasha simu na kukagua kama mfumo ni halali. Kisha sehemu ya kuwashia mfumo hubadilishwa kwa programu kama Magisk, iliyoanza kutumika mwaka 2016. Kazi ikikamilika, mwenye simu anaweza kufuta programu zilizokuja na simu, kuzuia matangazo na kuhariri mipangilio iliyofichwa.

Hayo yote yanafanyika upande mmoja tu wa simu. Kila simu janja ina kompyuta mbili zinazoishi pamoja. Ya kwanza inaendesha Android na programu unazoziona. Ya pili ni modemu, yenye prosesa yake, mfumo wake wa uendeshaji na fimwea yake (programu ya ndani) iliyotiwa saini na mtengenezaji wa chipu. Modemu ndiyo inayozungumza na mnara: inapima mawimbi, inachagua masafa na kupokea ratiba ya lini itume na lini ipokee. Android huipa maombi tu na kusubiri majibu. Aliyeruti simu ametawala kompyuta ya kwanza. Ya pili inaendelea kuutii mnara.

Ndiyo maana programu nyingi zinazojiita za kuongeza kasi kwa simu zilizorutiwa hazifanyi kubwa. Zinaandika mistari michache kwenye faili la mipangilio la build.prop, na mingi ya mistari hiyo imekuwa ikinakiliwa tangu enzi za 3G, wakati modemu za leo haziisomi kabisa. Nyingine hupanua akiba ya data ya TCP, kazi ambayo Linux huifanya yenyewe kulingana na hali ya mtandao. Nyingine hubadilisha seva ya DNS. Hapo kuna faida kidogo, kwa sababu anwani ya tovuti inapatikana mapema zaidi, ila upakuaji ukishaanza kasi ni ile ile. Isitoshe, tangu Android 9 ya mwaka 2018 DNS binafsi huwekwa kwenye mipangilio ya kawaida bila kuruti chochote.

Sasisho rasmi la mfumo ni jambo jingine. Faili linalotumwa na mtengenezaji linaweza kubeba Android mpya, marekebisho ya usalama na pia fimwea mpya ya modemu. Hilo la mwisho ndilo linalogusa mtandao kweli. Fimwea mpya inaweza kurekebisha simu inayong'ang'ania mnara dhaifu wakati wenye nguvu uko karibu, inayochelewa kurudi 4G baada ya kupokea simu, au inayokula betri ikitafuta mawimbi. Sasisho hilo linaweza pia kuleta mipangilio ya kampuni ya simu, ikiwemo ile inayoruhusu sauti kupita juu ya 4G, ili simu isishuke hadi 2G au 3G kila unapopigiwa. Kasoro ya kijijini ni bei. Sasisho kubwa linaweza kupita gigabaiti moja, na bando la wiki likaishia hapo. Ni busara kulisubirisha hadi upate Wi-Fi ukiwa mjini, na chaji ikiwa ya kutosha.

Kuna jambo ambalo kuruti wala sasisho haviliwezi: masafa ambayo simu ilitengenezewa. Mwaka 2018 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iliendesha mnada wa masafa ya megahezi 700, na Vodacom ikapata sehemu yake. Kwa nchi kama ya Rufiji, yenye vijiji vilivyotawanyika na misitu ya mikoko, masafa ya chini yana thamani kubwa. Kwa umbali ule ule na antena za aina moja, wimbi la megahezi 700 hupoteza takribani desibeli 8 pungufu ya lile la 1800, maana yake nguvu inayofika ni zaidi ya mara sita. Kupenya ukuta na majani nako kunakuwa nafuu. Lakini ili simu ilipate wimbi hilo, lazima iwe na vichujio na vikuza mawimbi vya bendi 28, namba ya mpangilio huo wa megahezi 700. Simu nyingi za mtumba zilizotengenezwa kwa soko la Marekani zina megahezi 700 za mpangilio mwingine, bendi 12, 13 au 17, na hazioani na hizi. Kwenye kisanduku zote zimeandikwa 4G. Ukiwa mbali na mnara, moja inafungua video na nyingine imeshuka 2G. Hakuna fundi anayeweza kuflashi kichujio ambacho hakikufungwa kiwandani.

Twende sasa mnarani. Seli ya 4G, yaani eneo moja linalohudumiwa na mnara, ikiwa na masafa yenye upana wa megahezi 10 na antena mbili hutoa, katika hali bora kabisa, karibu megabiti 75 kwa sekunde. Hizo si za mtu mmoja. Tuseme watu 60 wanatazama video jioni chini ya seli hiyo: kila mmoja anabaki na megabiti 1.25, na walio pembezoni wanapata pungufu zaidi. Mistari ya mawimbi kwenye kioo inapima jinsi mnara unavyosikika, haihesabu foleni ya watu. Hii ndiyo sababu simu inaonyesha mistari yote minne saa 2 usiku na haifungui kitu, kisha saa 10 alfajiri inakimbia bila mtu kuigusa. Dawa yake ni seli zaidi na minara zaidi. Mikataba ya minara 758 ya vijijini ambayo Serikali na kampuni za simu zilitia saini Mei 2023, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, inagusa kiini cha tatizo kuliko programu yoyote ya kuongeza kasi.

Nyuma ya mnara kuna safari nyingine hadi nyaya za baharini. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Simu mpya na kuukuu, zilizorutiwa na zisizorutiwa, zote ziliathirika. Kuruti simu siku ile kulikuwa sawa na kufunga injini kubwa kwenye mtumbwi uliokwama topeni maji yakiwa yamekupwa.

Upande wa hasara, Tanzania kuna jambo la kuzingatia. Simu nyingi za bei nafuu zinatumia chipu za MediaTek, na namba ya IMEI, utambulisho wa simu kwenye mtandao, hutunzwa kwenye sehemu ya kumbukumbu iitwayo NVRAM. Fundi akiflashi kwa kufuta kila kitu bila kuhifadhi nakala, IMEI inaondoka. Tangu Juni 2016, TCRA ilipozima simu feki kupitia rejesta kuu ya vifaa, IMEI isiyo halali inaweza kuifungia simu nje ya mitandao yote, na kuandika IMEI nyingine ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010. Hivyo aliyetafuta kasi anaweza kurudi nyumbani na simu isiyoweza hata kupiga. Kuna pia programu za benki, ambazo nyingi hukagua uhalali wa mfumo na kukataa kufunguka kwenye simu iliyorutiwa. Kwa Samsung, fyuzi ya mfumo wa usalama wa Knox ikishaungua hairudi tena.

Je, kuruti hakuna faida yoyote? Ipo moja ya kweli kwa mtandao: kwenye baadhi ya simu kunamwezesha mtu kuifunga modemu kwenye bendi moja, isihangaike kati ya minara miwili dhaifu. Hata hivyo simu nyingi za MediaTek zina menyu ya kihandisi yenye uwezo huo bila kurutiwa.

Kabla ya kumlipa fundi, piga *#*#4636#*#* kama simu yako inaruhusu, na usome kipimo cha RSRP, yaani nguvu ya mawimbi ya 4G. Kikiwa karibu na -80, mawimbi ni mazuri na tatizo ni foleni au nyaya: badili saa au jaribu laini ya kampuni nyingine. Kikishuka chini ya -110, mnara uko mbali au bendi haioani: sogea mahali pa wazi, na siku ya kununua simu nyingine uliza bendi 28 kabla ya kuuliza kamera. Kipimo kikiwa kizuri na bado simu inadondoka 4G kila mara, hapo ndipo sasisho rasmi na mipangilio ya APN vinastahili kukaguliwa. Vipimo hivyo havikugharimu shilingi, na IMEI yako inabaki salama.