Jicho la Zimwi na Fuvu la Tembo

Mwaka 1914 Othenio Abel, mtaalamu wa visukuku wa Austria, alitoa hoja inayopendwa hadi leo: mabaharia wa kale waliingia katika mapango ya Sicily, wakakuta mafuvu ya tembo, na lile tundu kubwa la pua katikati ya fuvu wakalidhania jicho. Ndivyo alivyozaliwa Polyphemos, zimwi la jicho moja katika utenzi wa Homer.

Mifupa ipo. Pango la Spinagallo, karibu na Siracusa, limetoa masalia ya tembo kibete wa kimo cha takriban mita moja begani, ilhali mababu zake wa bara walikaribia mita nne. Fuvu lake ni la mviringo, na kwa mtu asiyewahi kumwona tembo, lingeweza kupita kuwa la binadamu wa ajabu.

Shida yangu iko kwenye utenzi. Kisa cha zimwi, katika kitabu cha 9 cha Odyssey, anakisimulia shujaa Odysseus mwenyewe, ukumbini kwa wenyeji ambao anataka wamsafirishe hadi kwao. Analifananisha zimwi na kilele cha mlima chenye msitu, kilichojitenga na vingine. Anataja jibini, mazizi ya wanakondoo, jiwe la mlangoni. Uso anauruka! Hatuambiwi waziwazi kwamba jicho ni moja, wala kwamba liko kwenye paji. Na moto unapoliunguza, zinatajwa nyusi, kwa wingi.

Jicho linaingia kisani pale tu linapohitajika kutobolewa, na hapo ndipo Homer anapotulia. Mti wa mzeituni unazungushwa kama keekee ya fundi wa jahazi ambaye wenzake wanavuta ukanda huku na huku. Kisha jicho linachachatika kama shoka la moto mhunzi analolitumbukiza majini. Ni ufundi mtupu, tena wa kutisha. Na hesabu ya kisa ni kali: Odysseus na wenzake wamefungiwa pangoni kwa jiwe la mlangoni wasiloweza kulisogeza; zimwi likiuawa, nani ataliondoa? Lazima libaki hai, lakini lisione, na kwa pigo moja. Macho mawili yangekivunja kisa.

Kwa hiyo kinacholidai jicho moja ni jiwe la mlangoni. Fuvu la Spinagallo likitafuta mshairi, heri limwendee Hesiod: yeye katika Theogonia anatamka wazi kuwa jicho la mazimwi yake ni moja, la duara, katikati ya paji, na kwake kazi yake ni kuyapa jina tu.